Swali Lililofutwa

Ilikuwa siku ya nane Tochi hamsemeshi Mstaarabu zaidi ya kuitikia salamu, na meza zao zilitengana kwa hatua nne tu. Mstaarabu alishazihesabu hatua hizo mpaka akazichoka. Kila asubuhi alisogea mbili, akasema habari za asubuhi, akajibiwa "nzuri" na kisogo, akarudi mbili zake kukaa.

Jina hilo la Mstaarabu alipewa na wenzake kazini, nusu kwa sifa, nusu kwa utani. Hakupata kuonekana akiingia chumbani bila kusalimia, wala akikaa kabla ya mtu aliyemzidi umri. Kompyuta ikimgomea, huiambia samahani kwanza ndipo aizime. Na mbele ya wanawake, waliomjua walisema bila kuficha, alikuwa domo zege wa kupindukia, neno halimtoki.

Tochi naye alipata lake kwa sababu ya tochi ndogo aliyoifunga kwenye funguo zake, ya kumulikia matumbo ya mashine. Alikuwa msakaji wa hitilafu kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa ya programu inayoiamrisha mashine nzima, ambayo ikikwama kila kitu kimekwama. Kazi ya Mstaarabu ilikuwa kompaila, yaani programu inayochukua maandishi ya wahandisi na kuyageuza kuwa amri za mashine. Kompaila nzuri haigeuzi tu. Inasoma, inapima, inatupa kila inachoona hakina kazi, ili mashine iende mbio na betri idumu. Na mashine zenyewe zilikuwa za kusukuma dawa. Muuguzi anaweka bomba la sindano lililojaa, anafunga kimlango, na mashine inasukuma taratibu, tone kwa tone, hadi kwenye mshipa wa mgonjwa.

Miaka miwili Mstaarabu alimpenda msichana huyo kimyakimya. Alipenda alivyokunja mikono ya shati kabla ya kuanza kazi ngumu, mkunjo mmoja, wa pili, kama mtu anayetaka kufua mablanketi. Alipenda kwamba hakumcheka mtu aliyekosea. Mapenzi yakamkondesha, na mwishowe akafanya alichoona ndicho cha heshima. Alimtuma shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, aende kwa mama yake Tochi.

Wanawake wale wawili wakapatana kupita kiasi. Mama yake Tochi alikuwa fundi cherehani, na shangazi alikuwa mpenzi wa nguo. Katika alasiri moja walikubaliana mwezi, ukumbi, idadi ya wageni na rangi ya magauni ya wasimamizi. Tochi aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake na mama mwingine asiyemfahamu wametandaza kitambaa cheupe mezani, wanapima. Akawaamkia. Akauliza harusi ni ya nani. Alipoambiwa, alisema yeye harusi hiyo haijui, akawaaga kwa adabu, akatoka na mkoba wake vilevile alivyoingia nao.

Tangu hapo nyumbani kwa Mstaarabu hapakukalika. Shangazi alisema wamepakwa matope, kwamba hajaona binti mwenye majivuno namna ile, na kwamba maadamu yeye yu hai, msichana yule hatavuka kizingiti chake. Huko kazini nako kukazuka habari nyingine. Kampuni moja ya mji wa mbali ilikuwa imemwandikia Tochi ikimtaka. Sekretari, ambaye siri kwake hulala usiku mmoja tu, alisema barua hiyo ilikaa kwenye droo mwezi mzima na Tochi akiitania, mpaka juzi alipoitoa na kuitia mkobani. Mwisho wa kujibu ulikuwa leo, saa kumi jioni.

Ndipo saa tatu asubuhi mkuu wa kitengo akawaita wote wawili. Mashine nne za majaribio zilikuwa zinaganda. Arobaini nyingine zilishatiwa kwenye maboksi, za kuondoka Jumatatu. Hakupandisha sauti, lakini aliwaonyesha kwa kidole mlango wa chumba cha majaribio na kuwaambia wasitoke humo mikono mitupu.

Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja kubwa, printa ya zamani na meza ndefu yenye mguu mmoja mfupi, iliyocheza kila ukiigusa. Tochi aliweka mkoba wake kitini. Akakunja mkono wa kwanza wa shati, akakunja wa pili, kisha akamgeukia.

"Umebadilisha nini?"

Maneno mawili tu, tena ya kazi, lakini moyo wa Mstaarabu uliruka. Alimweleza kwamba wiki tatu nyuma aliipandisha kompaila ngazi moja, ipunguze zaidi, na betri ikaongezeka saa nzima. Akaongeza haraka kwamba angeweza kuirudisha chini sasa hivi, mashine zikapona na maboksi yakaondoka.

"Na kosa?" Tochi aliuliza.

"Litakuwa limelala."

"Likilala hapa, litaamkia kitandani kwa mgonjwa. Hapana. Tulitafute."

Kwa kweli Mstaarabu alifurahi kukataliwa namna hiyo, maana alijua kuna wahandisi kumi ambao wangelikubali usingizi wa kosa lile na kwenda kula chakula cha mchana.

Tochi alianza kwa kuongeza mstari mmoja kwenye programu, ili mashine itoe taarifa kila hatua inayopiga. Kosa likatoweka. Akautoa mstari, kosa likarudi. Akauweka tena, likatoweka. Hapo ndipo watu wengi huvuta nywele zao, lakini yeye alitabasamu, tabasamu la kwanza baada ya siku nane, ingawa aliitabasamia mashine.

"Linaona haya," alisema. "Vizuri. Basi si waya wala chuma. Liko kwenye maandishi, na kila tukiyagusa kompaila inayapanga upya."

Kisha akajaza bomba la sindano maji safi, akawa muuguzi. Akaliweka, akafunga kimlango, akaiwasha mashine, akalitoa. Akarudia. Kila mara aliandika kwa penseli kwenye karatasi: alilitoa wakati gani, na mashine iligandaje. Hakuruka hata mara moja, hata vidole vilipolowa na kukunjamana. Mstaarabu alikaa pembeni akimpokeza mabomba na kumtazama pasipo kumtazama. Aliwahi kusikia watu wakisifu macho ya wapenzi wao, au mwendo, na hakuwabishia. Yeye alimpenda mtu anayeweza kufanya jambo moja mara sitini na saba kwa uangalifu uleule, na mara ya sitini na nane akasema, "Hapa."

Ilikuwa hivi: bomba likitolewa wakati mashine inapiga hesabu ya kasi, mashine inaganda. Sehemu ya kiini inayopiga hesabu hiyo ilikuwa na mistari sitini tu.

Tochi alichapa amri za mashine za sehemu hiyo kwenye karatasi mbili, moja ya kompaila ilipokuwa ngazi ya chini na nyingine ya sasa. Alikuwa na mtindo wake ambao ofisi nzima iliutania. Hakulinganisha kwenye skrini. Alipachika karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, mwanga wa jua ukapenya zote mbili, na palipotofautiana pakaonekana peusi, herufi zikipandana. Lakini saa sita hiyo wingu lilifunika jua, na karatasi zikafa rangi.

Alizibandua, akazishika pamoja kwa mikono miwili, akamwelekeza kwa kidevu achukue funguo zake mezani. "Mulika kwa nyuma. Usitikise mkono."

Basi Mstaarabu akasimama upande wa pili wa karatasi, tochi mkononi, hatua isiyofika moja kutoka kwake. Kati yao kulikuwa na karatasi mbili. Hakumwona uso. Aliona kivuli cha kidole chake kikishuka polepole, mstari baada ya mstari, na alisikia anavyopumua anaposoma. Alikaza mkono usitikisike, na yakamjia mawazo ambayo mtu mstaarabu hapaswi kuyapata saa za kazi.

Kidole kikasimama.

"Ya zamani ina amri mbili hapa. Mpya haina. Umefuta kitu."

"Si mimi," alisema. "Ni kompaila."

"Njoo usome."

Alizunguka, akasimama begani pake, akasoma. Amri mbili zile zilikuwa ni swali moja fupi: je, bomba lipo? Na kama halipo, simama, subiri. Kompaila mpya ilikuwa imeliondoa swali zima. Mstaarabu aliivuta kompyuta, akafungua maandishi yenyewe ya programu, na pale pale alielewa, na masikio yakamchemka. Mstari wa juu ulisoma ukubwa wa bomba. Mstari wa chini yake ndio uliouliza kama bomba lipo.

"Imesoma hivi," alisema taratibu. "Huyu mtu ameshatumia ukubwa wa bomba. Asingeweza kuutumia kama bomba halipo. Basi bomba lipo, hakuna haja ya kuuliza. Ikalifuta swali."

"Na kama halipo?"

"Kwenye mashine hizi, ukisoma mahali patupu hupigwi kofi wala huzuiwi. Unapata takataka. Zamani swali lilikuja nyuma yake likaokoa. Sasa mashine inachukua takataka, inaipigia hesabu, inaganda."

Tochi alishusha pumzi ndefu. Alisema kompaila haikukosea, akasema ni kitu chenye akili kali sana, kimefikiri sawasawa kutokana na kilichoandikwa. Kisha akanyoosha mkono afungue kumbukumbu, aone ni nani aliyeipanga mistari ile.

"Usihangaike," alisema Mstaarabu. "Ni mimi. Mwezi wangu wa kwanza hapa."

Alingoja alaumiwe. Badala yake Tochi alivuta kiti, meza ikacheza, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nane.

"Uliandika swali. Wako wasioandika hata hilo," alisema. "Ila uliliweka nyuma."

Mashine nne ziliunguruma kwa sauti ya chini. Mstaarabu alitazama mistari miwili kwenye skrini, akamtazama Tochi, na yale ambayo siku nane yalimzunguka kichwani bila kukaa sawa yakakaa. Akapiga moyo konde.

"Tochi, nyumbani kwenu nilifanya hivihivi."

"Endelea," alisema, na sauti haikuwa laini.

Hakupata kuendelea. Simu yake ililia, na ilikuwa shangazi. Mtu mwingine angeikata, lakini huyu alikuwa Mstaarabu. Aliipokea, akaamkia, na sauti ya shangazi, ambayo haikuhitaji simu ili ivuke barabara, ikajaa chumba. Alikuwa na habari njema. Rafiki yake mmoja alikuwa na binti, mpole, msikivu, asiyewajibu wakubwa kwa kiburi, wangekuja Jumapili. Yeye avae lile shati la bluu na aache kukunja sura.

Tochi alisimama, akachukua mkoba wake aondoke awaache. Mstaarabu alinyoosha mkono, asimguse, akamwomba kwa macho abaki.

"Shangazi, samahani," alisema. "Leo nitakukatalia, na ni mara ya kwanza, kwa hiyo nivumilie. Sitakuwepo Jumapili. Na yule binti hakutudharau. Sisi ndio hatukumuuliza."

"Hatukumuuliza nini?"

"Kama ananitaka."

Kimya cha shangazi kilikuwa kitu kigeni duniani. Kilidumu.

"Subiri kwanza," akasema hatimaye. "Yaani mimi nilikaa mle ndani nachagua rangi za magauni, na msichana mwenyewe hana habari?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe ulijua hana habari?"

"Nilijua."

"Mwanangu, mtu akinituma kwa mama wa msichana, mimi najua ameshaongea na msichana. Kwani ningewaza nini kingine? Ndiyo maana sikuuliza. Mama yake naye ndivyo alivyodhani. Aliniambia, kama wamefika huku basi wamekubaliana." Alivuta pumzi. "Siku nane namsema mtoto wa watu. Kumbe aliyenipaka matope nimemlea mwenyewe. Nitaongea na wewe ukirudi." Akakata.

Tochi alikuwa ameuma mdomo wa chini. Mstaarabu hakujua kama anazuia kicheko au jambo jingine.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema. "Miaka miwili tunakaa hatua nne."

Kumbe naye alizihesabu.

"Nimekuwa nikisema ni heshima," alijibu. "Si heshima. Niliogopa jibu. Nikaona nikianza na wakubwa, jibu litakuwa limeshapatikana bila mimi kulisikia likikataliwa. Nilitumia majibu yako kabla sijakuuliza. Nisamehe."

Tochi hakusema amemsamehe. Alisema kuna mashine arobaini kwenye maboksi, na akamsogezea kibodi.

Mstaarabu alichukua mstari wa chini, akaupandisha juu. Uliza kwanza kama bomba lipo; likiwepo, ndipo usome ukubwa wake. Hakuandika neno jipya hata moja. Aliiacha kompaila kwenye ngazi ileile ya juu, maana sasa haikuwa na sababu ya kufuta chochote. Kazi ya kuandika ilichukua dakika isiyotimia. Kazi ya kujaribu ilichukua saa mbili na nusu, kwa sababu Tochi alikataa kuamini chini ya mara mia moja. Bomba likitolewa, mashine ililia mara moja na kuandika kwenye kioo chake: HAKUNA BOMBA. Kisha ikasubiri. Haikuganda, haikukasirika, haikupiga hesabu za uongo. Ilisubiri tu.

Mara ya mia moja ilitimia saa tisa na dakika arobaini. Tochi alilaza bomba mezani karibu na mashine iliyokuwa ikisubiri, akafuta vidole, akaufungua mkoba. Barua ikatoka. Kalamu ikatoka. Akaviweka mbele yake na meza ikayumba.

Mstaarabu alijua kwamba mtu mstaarabu angeaga hapo, angemtakia heri. Miguu ilishaanza kugeuka. Akaizuia.

"Siombi ubaki," alisema. "Barua ni yako na wanaokutaka wana macho. Mimi sijaona mtu anayefanya kazi kama wewe, na ungeniambia unakwenda, ningekubebea mizigo. Nina swali moja tu, lile la juu. Naomba niliulize."

"Uliza."

"Penzi lipo? Kwako, kwangu mimi? Au nimekuwa nikisoma mahali patupu?"

"Na nikikwambia halipo?"

Mstaarabu aliitazama ile mashine. "Nitasimama nilipo. Kesho nitakusalimia kama kawaida. Sitaharibika."

Sauti ilimtetemeka pale mwisho, na hakujaribu kuificha. Hilo ndilo lililomfanya Tochi ageuze uso dirishani kidogo. Wingu lilikuwa limeondoka. Alipogeuka tena aliliokota bomba, akalilaza mahali pake kwenye mashine, akalisukuma mpaka likakaa, akakifunga kimlango kwa kidole gumba. Mashine ikaunguruma, ikaanza kazi.

"Lipo," alisema. "Tangu siku nilipokusikia ukiiomba kompyuta radhi. Nilikaa nikingoja uniulize, wewe ukaenda kuwauliza wengine."

Macho ya Mstaarabu yalijaa machozi. Tochi alimwacha hivyo kidogo, kwa raha yake, kisha akaichukua barua ile, akaikunja mara mbili, mara tatu, akainama na kuisukuma chini ya ule mguu mfupi wa meza. Akaijaribu meza kwa kiganja. Ilitulia.

"Haya," alisema akiinuka, mikono ya shati bado imekunjwa. "Sasa uliza la pili."